Sponji Inanuka, Kitambaa Kimekakamaa: Kutafuta Chanzo Jikoni kwa Sisi wa Dodoma

Asubuhi moja jirani yangu wa hapa Nkuhungu alikuja na bilauri mkononi, hata salamu hajatoa. "Mwenzangu, hebu nusa hii." Nikanusa. Yai. Na kwake hawakuwa wamepika yai tangu juzi yake. Bilauri ilikuwa imeoshwa, imesuuzwa na kufutwa mpaka inang'aa. Nikamwuliza ameifuta kwa kitu gani. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne, nje kikavu, katikati kibichi. Hatukuwa na haja ya kutafuta zaidi.

Mimi napika chakula cha mchana cha kuuza, kwa hiyo sponji na vitambaa kwangu ni vitendea kazi kama mwiko. Matatizo yafuatayo ndiyo ninayoulizwa kila mara na mama lishe wenzangu na majirani. Anza na unachokiona au kukinusa, kisha shuka kwenye sababu zake. Ile inayotokea sana nimeitanguliza. Fanya jambo rahisi kwanza. Usikimbilie jiki, maana mengi kati ya haya hayaihitaji. (Nikisema jiki nina maana ya dawa yoyote ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kama tunavyoiita wote bila kujali jina la chupa.)

SPONJI INANUKA UVUNDO, HATA UMETOKA KUIOSHA SASA HIVI

Sababu inayoongoza, na kwa mbali: haikauki. Maji yetu mengi ni ya mgao, kwa hiyo tumezoea beseni. Maji ya sabuni yanawekwa asubuhi, sponji inaogelea humo mpaka jioni. Wengine wana kile kisahani cha kipande cha sabuni ya mche, sponji inalala juu ya sabuni iliyoyeyuka usiku kucha. Bakteria wanahitaji chakula, joto na maji. Chakula hatuwezi kukimaliza chote kwenye sponji, na joto la jikoni halina pa kwenda. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Kwenye uvuguvugu na unyevu, bakteria wengi wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo hesabu mwenyewe kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri.

Kagua hivi. Usiku ikamue, isimamishe kwa ubavu. Asubuhi ikandamize kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likipata doa la maji, sponji yako haijakauka tangu siku uliyoinunua.

Dawa yake haina gharama. Kwanza isuuze kwa maji kidogo kidogo: kikombe kimoja cha maji kigawe mara tatu, kila mara mimina, kamua, mimina tena. Inatoa uchafu kuliko kuitumbukiza mara moja kwenye ndoo nzima, na siku ya mgao hujapoteza maji. Pili, toboa pembe ya sponji kwa sindano ya gunia, pitisha uzi, itundike msumarini juu ya sinki au pembeni mwa kichanja cha vyombo. Hewa ipite pande zote. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa ya Dodoma ni kavu sana. Sponji iliyokamuliwa vizuri haimalizi muda mrefu kabla ya kuwa ngumu kama mkate wa juzi. Watu wa pwani hawana bahati hiyo. Jihadhari tu na upepo: mwezi wa Agosti na Septemba ukianika ukutani upande wa barabara ya vumbi, jioni utavuna tope. Itundike ndani ya dirisha linalopata jua.

Tatu, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote: uwe nazo mbili. Moja kazini, moja inakauka. Kesho zibadilishane.

Sababu ya pili ni chakula kilichonasa ndani, na kwetu mshtakiwa wa kwanza ni mlenda. Unapenya kwenye vitundu vya sponji, ukikauka unashika kama gundi. Ugali wa uwele nao una zile chenga laini zinazojificha. Ikamue sponji ndani ya bilauri ya maji safi. Maji yakigeuka ya maziwamaziwa au yakaonyesha chenga, umepata jibu. Hapo kinachobadilika ni utaratibu wa kuosha: mabaki kwangua kwa kijiko kabla sponji haijagusa sahani, na sufuria ya ugali iloweke mpaka ukoko uachie wenyewe, uubandue kwa mwiko. Sponji ni ya kumalizia.

Sababu ya tatu ni uzee. Mwaka 2017 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya kuchunguza sponji 14 zilizotumika majumbani. Penye msongamano mkubwa walihesabu zaidi ya bakteria bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo, akiwemo mmoja, Moraxella osloensis, anayejulikana kwa kutoa ile harufu ya nguo mbichi. Bakteria wengi wa sponji hawana madhara kwa mtu mwenye afya, tusitishane. Lakini kuna jambo moja kwenye utafiti ule ambalo ningependa kila mwenye jiko alijue: sponji ambazo wenyewe walisema wanazisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Ushauri wa watafiti ulikuwa kubadilisha sponji kila wiki. Kwangu, inayoosha sahani za wateja haizidi wiki. Ya nyumbani, ikikauka kila usiku, naiongezea siku, lakini ikianza kunuka tena siku moja baada ya kuchemshwa, safari yake ya jikoni imekwisha. Inashuka daraja, inaenda kuosha ndoo za taka na sakafu. Ikate pembe moja ili mtu asije akairudisha kwenye vyombo.

Kuichemsha unajua, lakini watu wanakosea sehemu moja: wanachemsha ikiwa bado na mafuta na chenga. Ioshe kwanza. Kisha izamishe, maji yakishatokota hesabu dakika 5, huku ukiigandamiza kwa mwiko ili hewa itoke. Dodoma ipo juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Wadudu hao hawatoki salama hata hivyo. Wenye maikrowevu wanaweza kuipasha dakika moja au mbili ikiwa imelowa chepechepe. Ikiwa kavu inaweza kushika moto, na yenye nyuzi za chuma isiingie humo kabisa.

Sababu ya nne, maji yenyewe. Sponji mpya ikinuka siku ya pili, fungua jaba au simtanki ukanuse. Maji yakiwa na harufu ya majani au kuta zina utelezi wa kijani, unasuuza kwa uchafu. Sugua chombo, kausha, jaza upya, funika. Kama maji yananuka kinyesi au yamebadilika rangi ghafla tangu bombani, usijitibie: acha kuyatumia kwa vyombo, mwone afisa afya wa kata na toa taarifa kwa mamlaka ya maji.

Mwisho, inawezekana sponji haina kosa. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda, na maji yanayobaki kwenye pindo hilo ndiyo yanazuia hewa ya chemba isirudi ndani. Ukisafiri wiki mbili tatu kiangazi, maji yale yanakauka, unarudi jikoni kunanuka choo, unaitupa sponji bure. Mimina lita moja ya maji, subiri nusu saa. Harufu ikiisha, ndiyo hiyo. Isipoisha, au maji yakirudi juu badala ya kushuka, mwite fundi bomba. Shimo la majitaka likiwa limejaa agiza gari la kunyonya. Usifunue mfuniko ukainama kuchungulia wala usimtume kijana kushuka. Hewa ya mle ndani inaua.

SPONJI INATELEZA

Fanya jaribio dogo. Isuuze kwa maji ya moto yasiyo na sabuni, ikamue, isugue kwa kidole gumba.

Ikitoa povu, ni sabuni iliyozidi. Hapa nina neno kuhusu sabuni ya maji ya kupima, ile ya madumu. Wengi tunachagua iliyo nzito tukidhani ndiyo yenye nguvu. Uzito wake mara nyingi unatokana na chumvi inayotiwa mwishoni ili ishike. Nzito si lazima iwe kali. Tumia kidogo, ongeza ikihitajika.

Ikiacha alama inayong'aa kidoleni, ni mafuta, hasa ukiwa umetoka kuosha kikaango. Futa kikaango kwa gazeti kwanza, na sponji iloweke kwa maji ya moto na sabuni robo saa.

Isipotoa povu wala mafuta, ila bado inateleza kama jiwe la mtoni, huo ni utando wa bakteria wenyewe, wameshajenga. Usipoteze mkaa kuichemsha. Tupa.

KITAMBAA KIMEKUWA KIGUMU, CHA KIJIVU, HAKINYONYI MAJI

Hili ndilo tatizo la Dodoma hasa. Mtu akihamia kutoka Mbeya au Moshi, mwezi wa kwanza analalamikia nywele, wa pili anashangaa vitambaa. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na maji ya ardhini yamebeba madini ya kutosha. Visima vya watu binafsi mitaani vingine vina chumvi ya kuonjeka kabisa. Ule ukoko mweupe ndani ya birika lako ni madini hayohayo.

Sababu ya kwanza, basi: sabuni ya mche ikikutana na maji hayo, sehemu yake haifanyi kazi ya kusafisha. Inashikana na madini na kuwa utando wa kijivu unaonata kwenye nyuzi. Kadiri unavyoongeza sabuni ndivyo utando unavyoongezeka, na ndani ya utando huo uchafu na bakteria wanapata malazi. Ndiyo maana kitambaa kinaweza kuoshwa kila siku na bado kikanuka kikilowa.

Jaribu: dondosha tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likinywewa mara moja, kiko sawa. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kina utando.

Hatua rahisi ni kubadili sabuni. Vitambaa vya jikoni vioshe kwa sabuni ya unga au ya maji, zinavumilia maji magumu kuliko ya mche. Kama utando umeshakaa, nenda hatua ya pili: magadi. Hayohayo unayotia kwenye mlenda. Chekecha mchanga wake, yeyusha vijiko viwili vya chakula kwenye lita 4 za maji, tia vitambaa na sabuni kidogo ya unga, chemsha robo saa, suuza mara mbili. Maji utakayomwaga yatakuambia ulikuwa unafutia nini.

Onyo, na nimelilipia mwenyewe: usichemshie magadi kwenye sufuria ya alumini, yaani karibu kila sufuria tuliyonayo. Magadi ya moto yanaila. Niliitoa yangu nyeusi tii ndani, na ilikuwa ile kubwa ya kupikia wali. Tumia chombo cha chuma cha pua au cha enameli. Kama huna, chemsha maji peke yake, yamimine kwenye ndoo ngumu ya plastiki yenye magadi na vitambaa, funika mpaka yapoe. Na magadi ya moto yanachubua ngozi, tumia mti kugeuzia.

Sababu ya pili ni madini matupu, bila sabuni: kitambaa ni kigumu lakini si cha kijivu. Loweka saa moja kwenye maji yenye siki au ndimu mbili tatu, suuza. Siku hiyo jiki isisogee karibu na beseni hilo. Nitaeleza kwa nini.

Sababu ya tatu ni kitambaa chenyewe. Kipande cha fulana ya pamba au khanga iliyofuliwa miaka kinanyonya vizuri. Fulana ya nailoni ya kampeni haijawahi kunyonya maji na haitaanza leo.

VYOMBO VINANUKA SHOMBO BAADA YA KUFUTWA

Turudi kwa jirani yangu. Kosa linalotokea zaidi ni kitambaa kimoja kufanya kazi zote: meza, mikono, kisu kilichokata samaki wa Mtera, mdomo wa mtoto, halafu bilauri. Shombo ya samaki na yai inashika kwenye kitambaa kibichi na kuhamia kwenye kioo, na hutaisikia mpaka mtu atie maji ya kunywa.

Tenganisha. Mimi nina vya rangi tatu: cheupe cha vyombo tu, cha maua cha meza, cheusi cha sakafu na masizi. Msichana anayenisaidia alicheka siku ya kwanza, "Mama, vitambaa navyo vina vyeo?" Vina vyeo. Maji ya kuku mbichi au damu ya nyama yakimwagika, futa kwa gazeti na utupe, kisha osha pale mahali kwa sabuni. Usiyafute kwa sponji halafu ukaendelea na sahani.

Kwa vyombo vyenyewe ningekushauri usifute kabisa kama una nafasi. Kichanja juani kinafanya kazi hiyo bure, na kitambaa hakigusi kitu. Funika kwa chandarua kwa ajili ya vumbi na nzi.

Ukishatenganisha na bado shombo ipo, angalia mpangilio wa kuosha. Bilauri na vikombe kwanza, sahani, kisha sufuria, na vya samaki mwisho kabisa kwa maji yake.

Kama umefanya yote na kitambaa cha vyombo bado kina shombo, hapo ndipo jiki inapofaa. Kioshe kwanza kwa sabuni, kisuuze, maana uchafu unaila nguvu ya klorini. Kwa jiki yenye nguvu ya kawaida ya asilimia 3.5, kijiko kimoja kikubwa kwenye lita 1 ya maji baridi, kwenye beseni la plastiki. Dakika 5 hadi 10, suuza vizuri, anika. Mchanganyiko uliobaki mwaga jioni, kesho hauna nguvu. Chupa iweke kabatini penye giza. Jua na joto vinaidhoofisha hata kabla hujaifungua.

MADOA MEUSI YA KOGA

Haya huja na mvua, Desemba mpaka Aprili, kitambaa kikikunjwa kibichi au kikisahauliwa nyuma ya jiko. Madoa machache: chemsha, anika juani. Yakiwa yamesambaa, kata matambara ya sakafu. Koga ikirudi pale pale ukutani kila wiki, huenda bomba linavuja ndani ya ukuta na hiyo ni kazi ya fundi.

STILWAYA INAACHA VIPANDE

Tupa leo. Uzi mmoja wa chuma ukiingia kwenye wali ni balaa kooni. Kutu nayo ni ishara kwamba inalala majini. Kwa masizi ya mkaa, majivu laini na dodoki la zamani yanatosha, na dodoki lina faida nyingine: liko wazi, linakauka upesi, linachemshika, na likichoka linaoza shambani.

MACHO YANACHOMA NA KIFUA KINABANA WAKATI WA KUSAFISHA

Acha hapo hapo. Umechanganya. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Usiiname kumwaga. Toka nje na watoto, acha milango wazi, rudi hewa ikishasafika. Kikohozi au kubanwa kifua kusipotulia, nenda kituo cha afya, na mwenye pumu asisubiri.

Jiki ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa ni hatari zaidi ya yote niliyoandika hapa. Mtoto akinywa, msimtapishe wala msingoje. Mkimbizeni hospitali pamoja na ile chupa.

MNAHARISHA NYUMBANI MARA KWA MARA

Sponji inaweza kuwa mojawapo ya sababu, lakini maji ya kunywa, mikono na chakula kilicholala vinatangulia. Kuharisha kwa siku moja bila homa, mtu anakunywa vizuri: mpe ORS na mwangalie. Usikae nyumbani kama kuna damu, homa kali, mtoto mdogo aliyelegea au asiyekojoa, au choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele kinachotoka mfululizo. Hicho kinaweza kuwa kipindupindu na mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Mpeni ORS njiani.

Vyombo vya mgonjwa viwe na sponji yake na beseni lake. Akipona, sponji ile, kitambaa kile na tambara lililofutia sakafu visichemshwe wala kulowekwa. Vitieni kwenye mfuko, fungeni, vichomwe au viingie kwenye choo cha shimo, halafu osheni mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko.